Tulivyomtenga Baba Paulina

Mwanangu, ile Jumamosi tuliyofungwa fainali naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na bibi yako asinisikie. Tangu jana nimekaa kimya nikiwasikiliza wewe na wenzako mkimchambua mwalimu wa timu yenu. Mara hajui mpira, mara kahongwa. Sasa nyamaza kidogo, ni zamu yangu.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa mgodini, kwenye mgodi mdogo wa dhahabu karibu na Nyarugusu ambao siku hizi umebaki vichaka. Timu yetu ilifundishwa na Baba Paulina, Msumbwa wa Ushirombo, seremala wa mgodi. Yeye ndiye aliyechonga magogo ya kushikilia paa kule chini tulikochimba. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na kila Jumapili ungemwona akienda kanisani huku amemshika mkono mama yake mzee.

Mwaka huo tulifika fainali, tukapanda lori hadi Shinyanga kucheza na vijana wa mjini. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza mawili kwa moja, na yote mawili aliyafunga Masanja. Masanja huyo! Mpira ukimfika mguuni, golikipa wa watu alianza kusali. Basi kipindi cha pili kinaanza, tunamwona Masanja kavaa fulana ya golikipa, kasimama golini. Golikipa wetu, mtu mnene asiyejua kukimbia, katumwa mbele akafunge magoli. Na enzi zetu hapakuwa na kubadilisha mchezaji. Kumi na moja mlioanza ndio mliomaliza. Loo! Tulidhani ni mzaha. Tulifungwa matatu kwa mawili.

Njia nzima ya kurudi tulimhoji Baba Paulina mle lorini. Alijibu mara moja tu, "Niliona hivyo ndivyo inavyofaa." Masanja alijifunika blanketi kwenye kona, tukajua ni hasira.

Kambini tulibishana wiki nzima. Huyu anasema angembakiza Masanja mbele hata kwa robo saa, yule anasema angewarudisha watu wote nyuma walinde ushindi. Hayo yalikuwa maneno ya mpira, hayana ubaya. Kisha mtu mmoja akasema, "Kanunuliwa na watu wa mjini." Mtu huyo nilikuwa mimi. Sikuwa na ushahidi hata wa punje. Nilikuwa na uchungu, na nilipenda kusikilizwa.

Ubaya ni kwamba nilisikilizwa. Wengi kambini tulikuwa Wasukuma, tulihama na desturi zetu, na mimi nilikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana. Kiongozi wa vijana akitangaza kwamba mtu katengwa, huyo hasalimiwi, hapewi kaa la moto la kuwashia jiko, na akifiwa hakuna anayekwenda, mpaka akiri kosa na kutoa mbuzi. Desturi hiyo wazee waliiweka kwa ajili ya wakorofi wanaokwepa kazi za wenzao. Mimi nikaitumia kwa sababu ya mpira. Baba Paulina tulipomdai mbuzi alisema, "Sina kosa la kukiri," akarudi kwenye randa yake.

Wiki ya tatu mama yake akafa. Habari ilipofika watu wote waliniangalia mimi. Neno langu moja lingetosha kuwapeleka pale msibani. Nikasema, "Atoe mbuzi kwanza." Nililisema kwa kinywa hiki hiki, mwanangu.

Mchana, nikitoka zamu, nilipita makaburini. Walikuwa wanachimba watu wawili tu, Baba Paulina na Masanja. Mkewe na binti yao Paulina walikaa kando ya jeneza alilolichonga mwenyewe asubuhi ile. Masanja akipiga jembe mara tatu anainama, anakohoa, anatema. Nikaona damu kwenye udongo.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya fainali," akasema. "Wakati wa mapumziko nilitapika damu nyuma ya lori. Nilimwomba mzee asimwambie mtu, maana mgodini wakijua nafukuzwa, na nina watoto watano. Nilitaka kuendelea kucheza mbele, akakataa. Alisema nikikimbia tena nitafia uwanjani. Jana nikamwambia niwaeleze ukweli, akanikataza."

Nilivua shati, nikaingia kaburini, nikachukua jembe la Masanja. "Shikamoo, baba," nikasema. Wiki tatu sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba," akajibu, akiendelea kuchimba.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Siri haikuwa yangu," akasema. "Ila wewe hukuja kuniuliza hata siku moja ukiwa peke yako. Kila mara ulikuja na watu."

Nilikimbia kambini nikawaambia kosa ni langu na wasiniulize zaidi. Vijana wakaja na majembe, akina mama wakaja wakilia. Lakini marehemu alikuwa ameshaoshwa na mkwewe peke yake, bila hata jirani wa kumshikia maji. Nililia mbele za watu, nami sikuwa mtu wa kulia.

Mbuzi nilimtoa mimi, nikamwongoza mwenyewe mpaka mlangoni kwa Baba Paulina. Akasema nimpelekee Masanja, anywe mchuzi. Masanja hakuumaliza mwaka. Na Baba Paulina tulimwomba sana arudi kutufundisha. Alitikisa kichwa tu.

Sasa nakuusia, mwanangu. Mpira bishaneni, ndio utamu wake. Sema mwalimu alikosea kupanga, sema wewe ungepanga vingine. Lakini usimpachike mtu hongo kwa sababu umefungwa. Mfuate ukiwa peke yako, umuulize. Akinyamaza, mwachie kimya chake, huenda anamsitiri mtu. Na wewe ambaye wenzako wanakufuata, ogopa ulimi wako zaidi, maana ukishasema kwa hasira, wao watatekeleza.

Mungu akukuze, baba. Akupe afya na watoto wanaosikia. Na siku utakapofiwa, akujazie watu nyumbani, usichimbe kaburi la mama yako peke yako.