Koti la Bonface na Ukuta wa Nyuma

Madereva wa matangi wanaongoja zamu ya kupakia mafuta Changamwe wana muda mwingi na mambo machache ya kuutumia. Agneta aliliona hilo mapema, ndiyo maana kibanda chake cha filamu hakimo sokoni. Kimo hapa, ubavuni mwa gereji, penye vumbi na wateja wasio na pa kwenda. Humletea flashi zao, wakalipa kwanza, akawajazia filamu, wakaketi kwenye benchi la nje wakabishana mpaka waitwe.

Mwaka huu walibishana juu ya tamthilia moja tu, Chumvi ya Wafu. Ndani yake mna nchi iliyopakana na jangwa la chumvi, na katika jangwa hilo hutoka maiti waitwao Wakavu, weupe toka utosini hadi nyayoni. Hawali mtu. Hawapigi hodi. Kila mmoja hujichagulia nyumba, akasimama mbele ya mlango siku nenda siku rudi, hata wenye nyumba wakawa wanampita ubavuni wakienda kisimani. Misimu mitatu ilipita, na hakuna aliyeambiwa kwa nini hawaingii.

"Wale si wafu," alisema Kamau, dereva kijana wa bara, asubuhi moja ya Jumanne. "Mtakuja kuniambia. Ni watu wako hai, walipotea, wakazikwa bila mwili. Sasa wamerudi wanapata washatangazwa marehemu. Utaingiaje kwa nyumba na wewe ni marehemu?"

"Kichwa chako kimejaa dizeli," Menza alimjibu. Menza alikuwa mtu wa Ganze, amekula chumvi nyingi barabarani, na maneno yake hayakuwa na haraka. "Wafu ni wafu. Kwetu, marehemu akisahauliwa huja ndotoni akasema, nasikia baridi. Basi huchongewa kigango chake, nguzo ya kumkumbuka, kikafungwa kitambaa, mambo yakatulia. Wale wanangoja kuvishwa. Umemwona hata mmoja mwenye shati?"

"Mama Dorothy, hebu mwamulie huyu mzee," Kamau alimgeukia Agneta.

"Mimi nauza tu," alisema Agneta.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake siku zote. Lakini hakuna neno lililompita. Mumewe, Bonface, alikuwa dereva kama hawa. Miaka sita iliyopita alipeleka tangi Juba, na tangi likapatikana kando ya barabara, milango imefungwa, shehena haijaguswa, funguo juu ya kiti. Bonface mwenyewe hakuonekana, si mzima, si mfu. Polisi walimwambia Agneta arudi wiki ijayo. Kanisani walimwambia aombe. Ni benchi hili tu lililojadili jambo lake kinaganaga, bila kujua kwamba linajadili jambo lake.

Saa nne siku hiyohiyo akafika Griffin, mdogo wake Bonface, ametoka Bungoma kwa basi la usiku, viatu vimejaa vumbi. Agneta alimvuta ndani ya kibanda, akampa kigoda na chai.

"Shemeji, wazee wamekaa," Griffin alisema. "Ni Jumamosi hii. Mgomba umeshachaguliwa."

Agneta hakuhitaji kuelezwa. Kwao, mtu aliyepotea mpaka matumaini yakakatika huzikwa kwa shina la mgomba lililokatwa kwa kimo chake. Huvishwa nguo yake, likaliliwa, likafukiwa.

"Kwa nini sasa?"

"Mama anazeeka. Anataka kumzika mwanawe kabla hajazikwa yeye. Tunahitaji nguo tu. Hata moja."

Ilibaki moja kweli, koti la kahawia, ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kitanda chake. Agneta alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Kama Kamau alisema kweli, kulitoa koti lile ni kumtia kaburini mtu aliye hai. Kama Menza ndiye aliyesema kweli, basi amemwacha mumewe uchi kwa miaka sita. Mtu mwenye akili timamu haombi ushauri kwa tamthilia, naye alilijua hilo.

"Nguo ipo," alisema. "Nina masharti."

"Shemeji, hapa si dukani."

"Mngekuja kwa msiba, mngekuja watatu. Umekuja peke yako, basi umekuja kununua." Akaweka kikombe chini. "Sinyolewi nywele. Na hakuna wa kunirithi."

Griffin alikubali yote mawili upesi. Agneta alitarajia hivyo, aliyatanguliza ili apate la kupunguza kama angebanwa.

"La tatu. Nasikia mmenunua saruji, nyumba yangu ya huko Bungoma ipigwe plasta wageni wasione aibu. Ukuta wa nyuma uacheni udongo."

Griffin alilielewa ombi hilo vizuri. Aliyekwisha kuliliwa akirudi hapitishwi mlangoni. Huchinjiwa kondoo, akatobolewa ukuta wa nyuma, akaingia kama mtoto anayezaliwa.

"Wazee watasema unazika kwa mkono mmoja."

"Waambie huo wa pili ndio ulioshika koti."

Akakuna kidevu. "Haya. Nitawaambia. Utaachwa udongo."

Walikwenda chumbani kwa Agneta. Kifungo cha tatu cha koti kilikuwa kimeng'oka tangu zamani, naye akashona kingine kisichofanana. Kisha akalikunja gazetini akamkabidhi Griffin mkono kwa mkono. Mwanamke huyu hajawahi kumjazia mtu flashi kabla ya kulipwa, hata mchungaji wake. Siku hiyo alitoa mali kwanza, malipo yakabaki ahadi. Pengine alitaka tu mkono uliolishika miaka sita uwe mwepesi.

Ijumaa ikashuka sehemu ya mwisho ya msimu. Benchi lilijaa, wengine wakasimama. Wakavu waligeuka wote kwa pamoja, wakarudi jangwani, na chumvi ikafunika nyayo zao. Basi. Hakuna aliyeelezwa lolote.

"Tumeibiwa," alisema Kamau.

"Walichoka kusubiri nguo," alisema Menza.

Agneta hakwenda mazishini; Jumamosi alasiri simu yake ikalia kibandani. Nyuma ya sauti ya Griffin kulikuwa na wimbo wa kanisa na mbuzi wakilia.

"Tumemaliza, shemeji."

"Mlifunga vifungo?"

"Vyote."

"Na ukuta?"

Wimbo ulifika kiitikio, ukapita. "Wazee walikataa. Walisema kaburi na tundu havikai boma moja. Walipiga plasta Alhamisi, nyumba nzima. Mimi nilisema, shemeji. Wallahi nilisema."

"Umeanza lini kuapa kama watu wa Pwani?" Agneta alimuuliza, akakata simu.

Nje, ubishi ulikuwa bado moto. Kamau aliingiza kichwa dirishani, flashi mkononi.

"Mama Dorothy, leo lazima useme. Kwa nini hawakuingia?"

Agneta aliipokea flashi, akaichomeka kwenye kompyuta, akangoja ifunguke.

"Mlango wa mbele haukuwa wao tena," alisema. "Walitakiwa kupita nyuma. Nyuma kumezibwa."

"Na nani?"

"Na wenye nyumba."

Menza aligeuka kwenye benchi akamtazama, akavua kofia yake akaiweka magotini. Kamau alicheka, akasema hiyo si mbaya, atawaambia wenzake.

"Pesa kwanza," alisema Agneta.