Dua Iliyotangulia Risala

Jumamosi iliyopita, chama cha kuzikana cha Mbekenyera kiliwaalika wazee kula wali. Katibu, risala nene mkononi, alimwomba mzee mmoja kipofu afungue kikao kwa dua. Mzee akatuombea mvua, akawaombea marehemu, akamalizia kwa Fatiha. Tukaitikia "Amina," tukapangusa nyuso, na akina mama wakaleta maji ya kunawa, maana kwetu Fatiha ikishasomwa, maneno yamekwisha.

"Mzee, risala bado!" katibu akalalamika.

Mzee alikuwa ameshapapasa sinia. "Mwanangu, mwaka jana mwenzangu aliingoja risala yako mpaka wali ukapoa. Mwaka huu hayupo. Kaa ule."

Katibu akaikunja, akanawa.

Sijui risala ilisema nini. Wali ulikuwa wa moto.