Cheti cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana cheti cha kupokea wageni hotelini, na hajawahi kuingia hotelini hata kunywa chai. Kozi niliisoma mimi kwenye simu, barazani kwetu Kaole, kila nilipomaliza kuosha vyombo vya mchana. Wakati wa kujisajili ilitakiwa namba ya kitambulisho cha taifa, na changu kilikuwa hakijatoka. Mama akanipa chake, kama alivyokwisha kunisajilia laini ya simu kwa jina lake.

"Tumia tu, mwanangu. Nyumba si moja hii?"

Nilipofaulu, cheti kikaja na jina lake kamili. Nimeomba kibadilishwe mara nyingi. Jibu huja lile lile, la mashine, kwamba ombi langu linashughulikiwa. Nimechoka kulisoma. Kitambulisho sasa ninacho. Kazi ndiyo sina.

Jana hoteli moja ya Bagamoyo mjini, inayopelekewa majina ya waliofaulu, ilipiga simu kumwita mwenye cheti kwenye usaili Jumatatu. Nilikuwa kisimani, akapokea mama.

"Umewajibuje?" nikamuuliza.

"Wameniamkia, nikasema marahaba. Wakaniita, nikasema tutakuja."

"Tutakuja nani na nani, mama?"

"Mimi na jina langu, wewe na masomo yako. Hebu nipigie pasi baibui langu jipya."

Baibui nimeshalipiga pasi. Nani kati yetu ataingia kwenye chumba cha usaili, hatujakubaliana.