Jina Lililoitwa Kwenye Rasi

Nilipokuwa mtoto, ziwa kwangu lilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Kwetu Butiama tulikuwa watu wa mtama na ng'ombe, na mama alijulikana kijiji kizima kwa sauti yake. Akisimama uani akamwita ng'ombe kwa jina, ng'ombe anageuka kule bondeni. Baba alikuwaga anasema, "Huyu mke wangu simu ya nini?"

Likizo moja mama akanichukua twende Musoma kumsalimia mjomba Magesa, kaka yake pekee, aliyeacha jembe, akaoa ziwani na kuwa mvuvi. Mama hakuwa amemwona tangu harusi. Tulipofika mjomba alikuwa bado ziwani, kwa hiyo mkewe akatupeleka kwenye rasi tumsubiri. Jamani, pale ni pazuri! Majabali yamepandana mpaka ndani ya maji, ndege weupe wametua juu yake, na ng'ambo unaona visiwa. Nilivua viatu nikakimbia.

"Taratibu, mwanangu," mke wa mjomba aliniambia. Kisha akamgeukia mama. "Wifi, huku kwenye mawe hatuitagi mtu jina. Maji yakilisikia yanalijua, na yakishalijua yanamwita mwenyewe."

"Makubwa!" mama akacheka. "Sasa mnaitanaje?"

Wifi yake akavua kanga ya begani, akaipunga. Ndiyo hivyo.

Mama angekumbuka, naamini, kama angepewa muda. Lakini mtumbwi ulichomoza ghafla nyuma ya jabali, na ndani yake mtu mwenye mabega ya babu yangu kabisa. Furaha ikamzidi.

"Magesaaa! Magesa we!"

Ile sauti ya kuitia ng'ombe. Ilipiga mawe, ikarudi, ikapiga tena. Mjomba akainua mkono. Mkewe alikaa chini palepale.

"Wifi, umemwita," alisema.

Upepo ulikuja kabla mjomba hajafika ufukoni. Maji yaliyokuwa yametulia yakachafuka, mtumbwi ukasukumwa nyuma, ukazidi kuwa mdogo, mwisho hatukuuona tena. Siku ile hakuna aliyekula. Sangara alipoa kwenye sufuria. Mama alikaa mlangoni, upindo wa kanga mdomoni, na wifi yake hakumlaumu hata kwa neno moja. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kulipokucha mjomba alikuja kwa miguu kutoka kijiji cha pili, ambako upepo ulikuwa umemtupa. Nguo zilikuwa zimemkaukia mwilini. Mama alimkimbilia, akafungua kinywa, kisha akajiziba kwa mkono. Aliyesema ni mkewe, tena kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza ziwani:

"Karibu, mgeni! Magesa hakai hapa."

Tangu hapo mjomba akawa Mgeni. Watoto wake ni wa Mgeni, na hata kanisani akaitwa hivyo. Mama naye, hata alipokuwa kwetu Butiama, mbali na maji, hakulitamka tena jina lile, ambalo lilikuwa la babu yao.

Mimi nimesoma kidogo, najua upepo wa ziwa hausubiri kuitwa. Siku hizi vijana wa mjini wanakwenda pale kupiga picha, wanaitana majina kutwa nzima na jioni wanarudi kwao salama. Lakini mwanangu akitangulia kwenye yale mawe, mimi napiga makofi ndipo ageuke. Mnicheke tu.

Mwaka jana Mgeni alifariki, mzee wa wajukuu, kitandani kwake. Tulipomaliza kuzika, mama akasema nimpeleke kwenye rasi. Siku hizi anatembelea fimbo. Nilimshika mkono tukapanda mawe polepole, akaegemea jabali, akavuta pumzi.

"Magesaaa!"

Wale ndege waliruka. Sauti ilikuwa inakwaruza kidogo, lakini ilikuwa ileile. Mama alisubiri mpaka ikatulia.

"Ziwa haliwezi kumchukua tena," alisema. "Acha nimwite kaka yangu."

Nilidhani miaka yote ile alikuwa analiogopa ziwa. Kumbe alikuwa amemkosa kaka yake, ingawa walikuwa wanaonana kila Krismasi.

Akaita tena. Sikumharakisha.