Lori Alilopanda Koko Cibalonza

Asubuhi ile malori matatu yaliondoka mtaani kwetu Rumonge, na watu wa kila lori walijua kwamba Koko Cibalonza yuko kwenye lori lingine.

Hakuwa kwenye lori lolote.

Ilituchukua siku tisa kujua. Na mkono ulioyafikisha mambo pale ni huu wangu, kwa kalamu ya bluu.

Naitwa Ayubu. Sekondari nilimaliza, chuo sikwenda. Aliyekwenda ni mdogo wangu Sabrina, anasoma sosiolojia Bujumbura: mambo ya jamii, na jinsi misaada inavyopangwa iwafikie watu. Mimi natengeneza simu karibu na soko. Naandika haya kwa sababu nimeanza kuisahau sauti ya Koko, na hilo linanitisha.

Mambo yalianza na maji.

Ziwa lilipanda. Yalianza chooni, yakaja jikoni, yakaingia chumbani yakakaa. Mama alikuwa anapikia juu ya meza, miguu yake ndani ya maji, anaimba kama mtu anayepikia penye ukavu.

Koko Cibalonza alikuwa jirani yetu. Koko ni bibi, ndivyo tunavyosema huku. Alivuka kutoka Kongo miaka mingi iliyopita pamoja na mumewe, mume akafia hapa. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na karangamuntu, yaani kitambulisho. Jicho la kushoto halikuona. Alilala kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya Swedi, fundi wa mitumbwi.

Kula alikula kwa zamu. Siku mbili kwetu, siku mbili kwa Swedi, siku mbili kwa Mama Schékinah, mshonaji aliyetoka Uvira. Jumapili alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mikono yake akatuletea wote. Hakuna aliyepanga utaratibu huo. Ulianza tu, ukazoeleka.

Na mdomo alikuwa nao.

"Ayubu, mama yako leo ameweka chumvi, ao ameitaja tu?"

Mama anacheka. "Koko, wewe unakula bure halafu unalalamika."

"Nikilipa sitalalamika. Nitahama."

Sasa Sabrina akaja na fomu.

Alikuwa anaandika memwari, kile kitabu cha kumalizia chuo. Alitaka kujua familia zilizoingiliwa na maji zinaishije. Kabla hajaanza, shirika moja likamwambia: fomu zako tutazitumia sisi pia, kuchagua familia za kupewa kiwanja na nyumba ndogo penye ukavu. Nafasi chache. Wa kwanza ni wenye mzee, yatima au mlemavu.

Kazi ya shule ikageuka kazi ya nani atalala pakavu.

Sabrina akanipa mtaa wetu niuandike mimi, kwa kuwa najua kila mlango. Tukakaa juu ya kitanda, mahali pekee palipokuwa pakavu.

"Kaya ni nini?" akaniuliza.

"Watu wa nyumba moja."

"Hapana. Watu wanaokula chungu kimoja. Prof wetu ndivyo anavyosema. Na mkubwa wa kaya awe na karangamuntu."

"Na Koko?"

"Uliza anakula wapi, umwandike hapo."

Nikaenda kwa Swedi. "Andika bibi yetu," akasema. "Jana amekula hapa." Nikaandika: Cibalonza, miaka 74, jicho la kushoto halioni.

Nikaenda kwa Mama Schékinah. Akataja watoto wake, halafu akasema, "Na Koko."

"Koko nimeshamwandika kwa Swedi."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Basi leo Koko iko kwangu. Ao Swedi amemununua?"

Nilijua si sawa. Lakini maji yalikuwa yanagusa magodoro ya watoto wake. Nikaandika jina lake la ubatizo, Benedicte.

Kwetu Mama hakusema kitu. Aliniangalia tu. Sisi hatukuwa na yatima wala mlemavu. Nikamwandika Koko tena, kwa jina la Mariyamu.

Jioni nikamwambia Koko.

"Kumbe nimekuwa mwislamu," akasema. "Basi nipe kanga nzuri. Mariyamu hatembei na hii yenye matundu."

Tukacheka. Najua tulicheka, nakumbuka vizuri.

Siku ileile nilifanya jambo jingine. Karimu, muuza mawese, nyumba yake iko nyuma ya zetu. Aliniomba nimwandikie shangazi yake anayekaa Nyanza-Lac.

"Yeye hali chakula hapa," nikamwambia. "Sheria ni sheria."

"Sawa, muheshimiwa."

Wiki mbili baadaye Sabrina akanipigia simu kutoka Bujumbura.

"Ayubu. Nina mabibi watatu wa miaka sabini na nne. Wote jicho la kushoto halioni. Nyumba tatu zinazofuatana."

Nikaweka bisibisi chini.

"Unajua mimi nasomea nini? Nasomea kuhesabu watu. Mtu hawezi kuwa kwenye kaya mbili, sembuse tatu."

"Chungu kimoja, ulisema. Yeye anakula vyungu vitatu. Nimedanganya wapi?"

"Kwenye majina."

Hapo hakukosea.

"Basi futa," nikasema. "Lakini sema nyumba gani unaifuta. Ya Swedi, ya Mama Schékinah, ao ya mama yako?"

Halafu simu ikakatika, na sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Hakufuta.

Orodha ikabandikwa ukutani. Nyumba zote tatu zilikuwemo. Karimu hakuwemo.

Tulikuwa tumepangiwa sehemu tatu tofauti: sisi njia ya Bugarama, Swedi upande wa Kigwena, Mama Schékinah mbali kabisa, Kabezi. Mtu wa shirika, jina lake Olivier, akatukusanya akasoma masharti kwa sauti ya taratibu.

"Siku ya malori nitaita majina. Asiyekuwepo nitaandika hayupo, hilo si kosa. Lakini nikigundua mtu mmoja ameandikwa kwenye kaya zaidi ya moja, kaya hizo zote zinafutwa."

Karimu alikuwa amesimama nyuma. Alisubiri Olivier aondoke, ndipo akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei:

"Mimi siku hiyo nitakuwa hapa. Yule bibi akipanda lori, lolote lile, nitamshika mkono nimpeleke kwa Olivier. Nitamwambia hesabu macho yake, halafu soma fomu zako."

Bila Koko alikuwa na maneno tu. Koko akiwepo, ushahidi umesimama kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kila nikimwona Koko anavuta miguu kwenye maji, nilikuwa naona nyumba tatu zinatembea naye.

Siku moja kabla ya safari nikamfuata.

"Koko, kesho unafanyaje?"

"Naenda na kina Swedi. Nitapandia kule mbele, barabarani, Karimu hataniona. Wewe mbele ya Olivier sema nimeenda Uvira."

"Swedi anajua?"

"Swedi fundi yangu, atakosa kujua? Nenda ufunge vyombo. Na musipige simu simu. Juma moja munyamaze, masikio ni mengi."

Nikashusha pumzi. Nasema ukweli hapa: nilishukuru kwamba hakuchagua lori letu.

Asubuhi Olivier akaita. "Mariyamu, miaka sabini na nne."

"Amekwenda Uvira," nikasema.

Karimu alikuwa pale, ameegemea baiskeli yake. Alitazama lori letu, la Swedi, la Mama Schékinah. Hakufungua mdomo. Nikadhani tumemshinda.

Siku ya tisa Sabrina akapanda kuja kwetu. Alikuwa amekonda. Akasema hawezi kuandika memwari akiwa na uongo ule tumboni, anataka kukaa na Koko amsikilize mwenyewe, hata kama hatalitaja jina lake.

"Yuko kwa Swedi," nikamwambia.

Akapiga, akaweka sauti wazi.

"Koko?" Swedi akasema. "Koko si yuko na Mama Schékinah? Aliniambia anapandia lori lao kule mbele."

Sabrina akapiga Kabezi.

"Hapa?" Mama Schékinah akauliza. "Aliniambia anakuja na nyinyi. Mama Ayubu, musinitanie."

Mama alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini. Akakaa.

Kila mmoja wetu alikuwa na siku tisa za kumuuliza mwenzake swali moja.

Mimi na Sabrina tulichukua taksi-moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Rumonge. Njia nzima nilikuwa nahesabu: siku tisa, maji, mtu asiyeona vizuri. Chumba cha nyuma ya karakana kilikuwa kitupu. Godoro linaelea. Sabrina akaanza kuita jina lake, halafu akanyamaza, kama anayeogopa asijibiwe.

"Mumekuja lini?"

Ni Karimu. Amesimama mlangoni kwake, ana sahani iliyofunikwa.

"Karimu, Koko yuko wapi?"

"Ingieni. Vueni viatu, kuna maji."

Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda kimoja, kimeinuliwa juu ya matofali. Koko alikuwa amelala hapo. Mke wa Karimu amekaa pembeni yake, watoto wamekaa juu ya meza. Kifua cha Koko kilikuwa kinatoa sauti kama mlango mbovu.

"Muganga amekuja mara mbili," Karimu akasema. "Ameacha dawa. Anasema maji yameingia kwenye mapafu."

Nikamshika Koko mkono. "Kwa nini hukupanda?"

"Karimu alitaka ushahidi," akasema polepole. "Nikakuja hapa siku moja kabla ya malori. Nikamwambia, ushahidi ni mimi. Basi kaa na mimi, waache waende."

"Nilidhani ananitania," Karimu akasema. Hakuniangalia. "Malori yameondoka, nakuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ana kifurushi chake. Sasa ningefanya nini?"

"Ungetupigia."

"Kila siku nilitaka kupiga. Akasema ukipiga watarudi mbio, na wakirudi mbio watu watauliza. Nyumba tatu zinavunjika. Akaniapisha kwa Mungu wake."

Koko akageuza lile jicho linaloona kwa Sabrina. "Mutoto wa chuo. Umemaliza kuhesabu?"

Sabrina akalaza kichwa kwenye ukingo wa kitanda.

Koko alifariki kesho yake, adhuhuri, kwenye kitanda cha Karimu.

Tulimzika Jumamosi. Swedi alikuja, Mama Schékinah alikuja na wanawe. Watu wa mtaa walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Na akaja Olivier, maana alikuwa Rumonge akifuatilia wale alioandika hawapo. Alisimama kando na faili lake kwapani.

Huku kwetu mtu hazikwi kimya. Mmoja wa familia husimama, akasema marehemu alikuwa nani, aliugua nini, akashukuru waliokuja. Katekista akauliza:

"Mwenye msiba ni nani? Asimame aseme."

Hakuna aliyesimama.

Swedi aliangalia udongo. Mama Schékinah alimvuta mwanawe karibu. Mama yangu alifumba macho. Ukisimama ukasema ni bibi yangu, Olivier atafungua faili. Usiposimama, Koko anaingia ardhini kama mzigo uliookotwa.

Nikamtazama Karimu. Hii ndiyo siku aliyoitaka. Ushahidi uko kwenye jeneza, Olivier yuko hatua tano. Neno moja tu.

Karimu aliniangalia machoni. Halafu akageuza uso akatazama ziwa, na mdomo wake akaufunga.

Miguu yangu ndiyo iliyosimama. Mimi bado nilikuwa nafikiri.

"Amahoro, amani iwe nanyi," nikasema. "Huyu ni bibi yetu. Jina lake ni Cibalonza. Kwenye fomu za shirika ni watu watatu. Aliyewaandika ni mimi, si dada yangu, si majirani. Alikuwa anakula kwetu sote. Alibaki chini kwenye maji ili sisi tukae juu. Aliugua kifua. Aliyemuuguza ni Karimu na mkewe. Murakoze, asanteni kwa kuja."

Nikakaa. Olivier hakufungua faili. Alivua kofia.

Shirika lilichukua wiki mbili kuamua: kwa kuwa aliyeandika nilikuwa mimi, lilipima kila kaya upya bila Koko. Nyumba ya Swedi ilibaki, kwa kuwa analea yatima wa kaka yake. Ya Mama Schékinah ilibaki, ana mtoto asiyetembea. Yetu ilifutwa. Sisi tulikuwa tumeingia kwa umri wa Koko peke yake.

Tukashuka tena. Mama hakunisemesha siku saba. Siku ya nane akaniambia, "Chakula kipo," na hapo nikajua yameisha. Karimu naye bado yuko chini, kama sisi.

Sabrina alisimama mbele ya maprofesa wake mwezi uliofuata. Nilikaa kiti cha nyuma. Alikuwa ameandika kila kitu, hata kwamba aligundua na hakufuta. Mmoja akamuuliza, kwa ukali, kosa lake lilikuwa kumhesabu mtu mara tatu, au siyo?

"Hapana, Prof," akasema. "Kosa ni kwamba fomu yangu ilikuwa na maswali arobaini, na hakuna hata moja lililomuuliza yeye anataka kwenda wapi."

Walimpa alama za kawaida. Alizikubali.

Nawe uliyesoma mpaka hapa: kama mtaani kwenu kuna mzee anayelishwa na wengi, usitulie kwa sababu ni wengi. Sisi tulikuwa wengi, na tulimpenda. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaye. Nenda leo ukamwone kwa macho yako, umuulize analala wapi. Akikujibu kwamba yuko kwa wengine, kaa kwanza. Usiondoke haraka kama nilivyoondoka mimi.