Nilivyompigia baba picha ya wingu la nyota kwa lenzi ya fotokopi, juu ya flat ya Umoja

Wakuu, habari za jioni. Hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi, leo nakitoa. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitakiri. Mtaona ni sehemu kubwa ya uzi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, Nairobi, naishi mtaa wa Umoja na wazazi, ghorofa ya nne. Juu yetu kulikuwa na paa la saruji ambapo kina mama walianika nguo.

Baba alikuwa mchongaji. Twiga, vifaru, sinia, vyote alivichonga kibandani kwake Pumwani. Lakini mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika. Kitu akikileta karibu na pua anakiona, kikienda mbali ni ukungu. Akaamua Pasaka ikifika anarudi Makueni moja kwa moja.

Siku moja mezani akasema kwa utani kwamba anachokosa zaidi si uso wa mama, ni nyota. Mama hakucheka.

Mimi nikapata wazo. Kama mzee hawezi kuzifikia nyota, nitamletea kwenye karatasi azishike mwenyewe. Na iwe kabla ya Pasaka.

Sasa wakuu, darubini ya dukani kwa mshahara wa karani ilikuwa ndoto. Kazini mashine ya fotokopi ilikuwa imekufa, ikatupwa nyuma ya stoo. Nikaomba lenzi yake, meneja akanipa huku akinitazama kwa huruma. Nikaipachika kwenye kipande cha paipu ya choo. Mpya jamani, kabla hamjauliza. Nyuma nikafunga kamera ya binamu yangu Musyoka, mpiga picha wa harusi. Aliniazima Jumatatu hadi Alhamisi tu, maana wikendi ndiyo ugali wake.

Shida ya kupiga picha ya nyota ni kwamba lazima uache kamera wazi dakika kadhaa, na nyota hazikusubiri. Nilikuwa na kitabu cha maktaba kutoka Uingereza. Kikasema chukua mbao mbili, ziunge kwa bawaba, weka boliti. Ukizungusha boliti polepole, ubao wa juu unainuka na kamera inafuata nyota. Baba akanitengenezea hizo mbao, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama za kuuza.

Kitabu kikaendelea: inua bawaba kama paa la mabati, kisha ielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Utaijua kwa sababu haisogei usiku kucha.

Nikapanda juu, nikatazama upande wa kaskazini. Nikaiona! Moja, inang'aa, chini chini. Nikaichunga wiki nzima, haikusogea hata kidogo. Nilijiona msomi.

Roli ya kwanza ya filamu ikatoka, nyota zote zimekuwa kama vipande vya tambi. Nyuma yake anga ni rangi ya chai, kwa sababu ya taa za mji. Roli ya pili, tambi tena. Musyoka akaanza kuulizia kamera yake kwa sauti ya baridi, na Pasaka ilikuwa wiki mbili tu mbele.

Nikaanza kuombea stima ipotee, taa zote za mji zizimike. Nadhani nilikuwa peke yangu Eastlands nzima, upande wetu wote wa mji.

Jumatano moja, saa mbili kasoro, stima ikapotea. Mtaa mzima "aaaah!" Mimi, "Asante Yesu!" Mama akaniuliza kama niko sawa. Nikabeba mtambo juu, baba akanifuata taratibu akishika ukuta.

Anga ilikuwa imejaa nyota mpaka nikasahau kazi. Kisha nikageuka kaskazini nielekeze bawaba.

Nyota yangu haikuwepo.

Wakuu, ilikuwa taa ya juu ya tangi la maji la estate ya jirani. Ndiyo maana haikusogea.

Nikamwambia baba. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akaniuliza, "Mutua, hicho kitabu aliyeandika anakaa wapi?"

"Uingereza."

"Nilipokuwa nachunga mbuzi, zile nyota tatu za mstari zilikuwa zinapanda wima, zinapita hapa kwa utosi, zinashuka wima. Hazipindi. Sasa wewe umeinua bawaba ya nini? Ilaze."

Akapapasa mbao, akazilaza kabisa, bawaba ikilala kutoka kaskazini kwenda kusini. Nilitaka kubishana. Kisha nikakumbuka tuko ikweta, ambako Nyota ya Kaskazini iko chini kabisa kwenye upeo, na nikaona aibu ambayo bado ninayo.

Nikalala chali chini ya paipu nikalenga chini ya zile tatu, palipo na doa la ukungu, ndilo lile wingu la nyota. Nikafungua kamera. Baba akahesabu sekunde kwa sauti, kila kumi na tano nazungusha boliti robo.

Dakika ya tatu, mlango wa paa ukafunguka. Mama Shiru wa ghorofa ya pili, na taa ya mafuta.

"Mama Shiru, tafadhali, zima hiyo taa!"

"Nizime nione nguo zangu na nini?"

"Nitakubebea zote mpaka kwa nyumba!"

Akaizima. Baba hakuwa ameacha kuhesabu. Nilibeba beseni mbili baadaye, na mablanketi.

Ijumaa nikaenda studio na roli hiyo, ambayo mwanzoni ilikuwa na picha za harusi za Musyoka. Jamaa akasema, "Za harusi ziko poa. Hii ya mwisho haina kitu, ni vumbi tu. Sijaprint."

"Print hiyo vumbi."

Ikatoka. Nyota zilikuwa duara, na katikati kadoa kekundu kamesambaa. Nilikimbia nayo nyumbani.

Baba akaileta puani karibu na dirisha. Akaanza kuisogeza polepole. Sikuwa nimemweleza ni nini, hotuba nilikuwa nimeitayarisha.

Akaweka kidole. "Hizi zingine zimemalizika, ni safi. Lakini hii hapa, fundi bado anachonga. Ona, maranda ya mbao yapo chini."

Wakuu, kile kitabu kilichukua kurasa sita kueleza kwamba kwenye wingu lile nyota mpya bado zinatengenezwa. Nilitoka nje kwa ngazi nikalia.

Alienda nayo Makueni kwenye mfuko wa koti. Macho yake yalipoteza nuru kabisa mwaka uliofuata, ila mama alisema aliendelea kuitoa na kuwaonyesha wageni, akiweka kidole palepale.

Nilichojifunza: ukimpelekea mtu zawadi, nyamaza kwanza umsikilize. Mimi karibu nianze na hotuba.

Nanyi je, mzee wenu aliwahi kuwafundisha kitu mkidhani nyinyi ndio walimu? Andikeni hapa chini, ninasoma zote.