Viatu Nje ya Picha

Nimepiga video za harusi Sumbawanga kwa miaka mingi, na hakuna kilichoniudhi kama wateja kutaka waonekane kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukimkata mtu miguu, anarudi na lawama: mbona viatu havionekani? Mimi nilijiona fundi. Nilisogeza kamera karibu, uso ujaze kioo, basi.

Hata mama nilimpiga video hivyo hivyo, siku niliyokwenda Chala kumsalimia. Alisimama mbele ya nyumba, upepo ukimvuta kanga.

"Chukua na miguu, mwanangu," aliniambia.

Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi yangu naijua.

Sasa mama hayupo. Nikirudi chumbani peke yangu naifungua ile video. Uso wake umejaa kioo chote. Kila mara anainamisha macho, anatabasamu kidogo, kisha ananitazama. Nilidhani anaionea haya kamera.

Tulipogawa nguo zake nilivikuta viatu nilivyomtumia Krismasi, vimefungwa kwenye gazeti, bado vipya. Jirani yake akaniambia alivivaa mara moja tu, siku ile niliyokuja na kamera.